Treni Aliyoambiwa Wangeci Asiitaje

Wazee wa mahakama ya Thika walipoamua mtoto Wangeci akae kwa baba yake mpaka kesi ya malezi yake isikizwe, Nyawira, mama yake, hakulia. Alimtazama tu Bedan, mume aliyekuwa ametengana naye, akajiambia mtu huyu ana jambo.

Zilikuwa siku za hali ya hatari, wakati wa ukoloni, na mtu hakusafiri bila kibali. Kila Jumapili Nyawira aliomba pasi ya kusafiria kwenye shamba la kahawa alilofanyia kazi Ruiru, akaenda Thika kumwona mtoto.

"Nani amekunyoa?" alimwuliza.

"Baba."

"Na hili gauni, mbona limechanika?"

Bedan alisimama mlangoni akisikiliza kila neno. Mtoto akivaa viatu tu, Bedan aliuliza, "Mnaenda wapi?"

Jumapili moja Bedan alipotoka kuchota maji, Wangeci alinong'ona, "Mama, baba anasema tutapanda treni. Amenikataza kusema."

Nyawira aliwaza mara moja kwamba mtoto atapelekwa mbali. Bedan alikuwa na kaka Nakuru. Kesho yake Nyawira alikwenda moja kwa moja kwa Mzee Erastus, mkubwa wa wazee wa mahakama, na Bedan akaitwa.

"Treni ya kwenda wapi?" Mzee Erastus aliuliza.

Bedan alikunja kofia yake mikononi. "Ruiru. Kiwandani wamenitia zamu ya usiku, mtoto analala peke yake. Nilitaka kumpeleka kwa mamake."

"Sasa mbona umfiche mama mtu?"

"Angekuja hapa kusema nimeshindwa na mtoto. Mngempa kesi yote."

"Mwongo huyu, mzee," Nyawira alisema. Lakini aliona macho ya Bedan yalivyokuwa mekundu kwa kukosa usingizi, na hilo likamkasirisha zaidi.

Mzee Erastus aliwatazama wote wawili. "Nyinyi hata mkipewa uji kwenye bakuli moja, kila mmoja atangoja mwenzake aonje kwanza. Mtoto atakaa Ruiru mpaka kesi isikizwe. Bedan, utampeleka mwenyewe."

Jumamosi Bedan alishuka stesheni ya Ruiru na Wangeci na furushi la nguo. Alimpa Nyawira furushi, akamshika mtoto kichwani, akaondoka bila kuaga.

Nyumbani Nyawira alifunga mlango kwa komeo. Alifungua furushi, akakung'uta kila nguo, akapapasa mapindo na mifuko, akitafuta alichoficha Bedan. Hakukuwa na kitu. Zilikuwa zimefuliwa, na gauni lililochanika lilikuwa limeshonwa kwa mishono mikubwa ya mkono wa mwanamume.

"Mama, unatafuta nini?" Wangeci aliuliza.

 Nyawira alianza kuzikunja nguo upya.