Pumzi ya Mwaka Huu

Alhamisi moja ya mwaka 1975, katika soko la mpakani la Vurra, Medina alichuchumaa mbele ya mkeka wa Paska, akachukua chupa ya kijani na kuigeuza juu chini. Hivyo ndivyo alivyosalimiana na kila chupa. Wengine hutazama rangi kwanza, wakapendezwa, wakalizwa. Medina alitazama kitako.

Kitakoni palikuwa na kovu la mviringo, pale mpuliza kioo alipoikata chupa kutoka kwenye fimbo yake ya chuma. Ubavuni hapakuwa na mshono wa kalibu. Ndani ya kioo mlikuwa na mapovu, na shingo ilielemea upande kama mtu anayesikiliza mambo ya jirani. Kila dalili ilisema hii ni chupa ya kupulizwa kwa mdomo, ya enzi za Wabelgiji au nyuma ya hapo.

"Hii iko ya zamani sana, mama," alisema Paska, aliyekuwa akivuka kutoka Kongo na mawese na chupa tupu. "Mutu alinipatia kule Aru. Alisema iko ya babu yake."

"Babu yake hakukuwa na meza?" aliuliza Medina. "Angalia chini. Hakuna mukwaruzo hata moja."

Chupa iliyoishi sana imesimamishwa na kuburutwa kila mahali, na kitako chake huchubuka. Hicho ndicho cheti chake cha kuzaliwa. Kitako cha hii kilikuwa laini kama kisigino cha mtoto mchanga. Ilikuwa imepulizwa mwaka huo huo, na hakukuwa na mtu yeyote wa kupuliza chupa kuanzia Koboko mpaka Logiri. Medina aliinunua kwa sababu hakuwahi kuona uongo mzuri namna ile.

Alipofika nyumbani Arua alichomoa kizibo ili aioshe, na sauti ya mumewe ikatoka.

"Medina, ile paa juu ya kitanda bado inavuja?"

Ilitoka pamoja na harufu ya karanga za kukaanga, kwa sababu Taban alitafuna karanga maisha yake yote. Miaka miwili nyuma watu waliovaa miwani ya jua walimchukua mbele ya duka, akiwa ameshika pakiti ya sukari. Sukari ilirudishwa. Ofisi ya serikali ya mjini ilisema Taban yuko safari ya kikazi, ingawa kazi yake ilikuwa kutengeneza baiskeli.

"Ilizibwa," Medina aliiambia chupa. Kisha furaha ikampanda kutoka miguuni, akapiga kigelegele peke yake jikoni huku maharage yakiungua.

Jirani yake Susana alikuja mbio. Alipoelezwa, aliketi, akafikiri. "Hakusema neno juu ya msumeno wangu?" aliuliza, kwa kuwa Taban alikuwa ameuazima.

Furaha ile ilimkuta Medina katika shida. Binti yake Zulaika alikuwa amechumbiwa na Tahiru, fundi cherehani wa Koboko, kijana mpole mwenye vidole virefu. Zulaika alimpenda hadi alikuwa akichana nguo zake kusudi ili zishonwe. Lakini Sheikh Abiriga alisema binti huozwa na baba, na baba akifa huozwa na ndugu wa baba. Jale, mdogo wake Taban, alikataa kusimama mahali pa kaka yake.

"Shemeji, mimi nikisimama, nimesema Taban amekufa," alisema. "Nikisema amekufa, watauliza nani aliniambia. Mimi iko na watoto."

Hakuna aliyemlaumu. Basi harusi ikakaa, na kule Koboko wajomba wa Tahiru walianza kumtajia binti wa mtu mwingine, kwanza kwa utani, halafu bila utani.

Siku zile hukuweza kupewa chupa yenye kitu bila kurudisha chupa tupu. Medina aliona kwamba sheria hiyo inafaa hata kwa maneno. Alisema haja yake ndani ya chupa ya bia, akaifunga, akampa Paska aipeleke kwa yule mtu wa Aru. Wiki iliyofuata Paska aliirudisha kwa hasira.

"Mama, hii chupa yako ilikuwa inanong'ona ndani ya kikapu njia yote! Kufika kule, imemaliza maneno."

Chupa ya kiwanda haikuumbwa na pumzi, kwa hiyo haijui kuitunza. Ilihitajika chupa ya kupulizwa, na kwenye rafu ya Medina nyingi tayari zilikuwa na wenyewe, pumzi za waliozipuliza. Ile ya rangi ya asali ilikuwa na kikohozi cha Mgiriki. Ile nyekundu ilikuwa na mtu aliyekuwa akitukana shoka lake. Moja tu ilikuwa wazi: chupa ya zambarau ambayo bibi yake Medina aliibeba kutoka kaskazini, Rejaf, akifuata askari. Humo ndimo yalimokaa marashi ya mabibi harusi wote wa ukoo, mpaka marashi yakafukuza pumzi ya aliyeipuliza. Kitako chake kilikuwa kimechubuka hadi kikawa cheupe. Ilikuwa chupa kongwe kuliko zote alizopata kuzishika, na ilikuwa urithi wa Zulaika.

Medina alimwita binti yake, akamwonyesha chupa.

"Mama," alisema Zulaika, "marashi bila bwana harusi nitajipaka kwa ajili ya nani?"

Pumzi moja haibebi mengi. Medina alivuta hewa mpaka mabega yakapanda, akasema ndani ya chupa ya bibi yake: "Tahiru wa Koboko anamutaka Zulaika. Unamuoza?" Hewa ikambakia kidogo, akaongeza: "Uko wapi?" Akaziba haraka, akampa Paska.

Mvua za kwanza zilikuwa zimeanguka Paska alipoleta jibu. Ilikuwa chupa ya bluu, bluu ya kupendeza mno. Medina hakuifungua. Aliwaita Sheikh Abiriga, Jale, na wajomba wa Tahiru kutoka Koboko, akawaandalia chai uani baada ya sala ya alasiri. Kisha akachomoa kizibo.

"Nimemuoza binti yangu," ilisema sauti ya Taban, "na roho yangu nyeupe." Akacheka kidogo, na karanga zikanukia ua mzima.

Mjomba mkubwa wa Tahiru aliweka kikombe chini. "Sauti iko ya baba yake, mimi namujua," alisema. "Lakini alisema lini? Kama iko kabla ya posa yetu, hiyo alikuwa anamuozesha kwa mutu mwingine."

Sheikh aliona hoja hiyo ni nzuri. Akamgeukia Medina. "Mama Zulaika, hii pumzi iko ya mwaka gani?"

Medina aliigeuza chupa juu chini. Ikapita mkono kwa mkono, kila mwanamume akipapasa kitako kwa kidole gumba. Ili wajue tofauti, aliwapa pia ile ya Mgiriki, ikakohoa njia nzima. Ya bluu haikuwa na mkwaruzo.

"Ya mwaka huu," alisema mjomba, akachukua kikombe chake.

"Baba amesema," alisema sheikh.

Jale alilia waziwazi, akicheka. Medina aliinamisha chupa sikioni akingoja jibu la swali la pili. Ilitoka hewa ya uvuguvugu tu.

Harusi ilikuwa kubwa. Ngoma zilipigwa mpaka watu wa Adumi wakaja kuuliza kuna nini, wakalishwa. Zulaika alipakwa marashi kutoka chupa ya bluu. Alinukia waridi na, kwa mbali, karanga, na Tahiru alitangaza mbele ya watu kwamba hajapata kunusa kitu kizuri hivyo.

Harusi ilipokwisha, Medina aliipeleka chupa kwenye ile ofisi ya mjini. Karani aliigeuza, akapapasa kitako, akanusa mdomo wake.

"Ndiyo, huyu ni Taban," alisema. "Yuko safarini, kama tulivyosema." Akamrudishia chupa kwa mikono miwili.

Paska hakuleta nyingine. Yule mtu wa Aru, alisema, alikuwa haonekani tena. Medina aliosha chupa ya bluu, akakunja kitambaa laini, akaisimamisha juu yake. Kila alipofuta vumbi aliinyanyua kama mtoto, hakuiburuta kamwe. Wajukuu kutoka Koboko walikatazwa kuigusa kabla hawajajua kutembea.

Wageni waliipenda kuliko zote, wakauliza ni ya mwaka gani. Medina aliigeuza, akawaonyesha kitako.

"Ya mwaka huu," alisema. Na mwaka 1978 bado alisema hivyo, na hakuna aliyeweza kuona mkwaruzo.