Mbegu Zenye Kiu

Mbuvi alikuwa amemaliza siku tano bila kwenda choo alipoingia katika duka la Sabrin, sokoni Nuu. Sabrin alimpimia mbegu za kitani, ndogo, za kahawia, zinazong'aa kama zimepakwa mafuta.

"Kijiko kimoja, mzee, na glasi mbili za maji. Usipunguze maji."

Lakini mwezi wa tisa, Nuu, maji huletwa na punda kutoka mbali. Nyumbani Mbuvi alitia vijiko vitatu mdomoni, akateremshia funda moja la maji, akaenda kufungulia mbuzi. Kabla ya adhuhuri kifua kilimbana. Kila akimeza mate, yalirudi. Mkewe Nthenya alimkuta ameinama kando ya boma, hawezi kusema, akatafuta gari la kuwafikisha hospitali mjini Kitui.

Daktari Mwau alimpulizia ganzi kooni, akapitisha mpira mwembamba wenye kamera. Kwenye skrini Mbuvi aliona pango jekundu, lenye unyevu, likicheza taratibu. Ilimchukua muda kufahamu kwamba ni ndani yake mwenyewe. Njia ilikuwa imezibwa na donge la mbegu, kila mbegu imevaa ute wake kama yai la chura. Akasahau kuogopa.

"Zimekunywa mate yako yote," daktari alisema, akizitoa kidogo kidogo. "Zilitaka maji, ukazinyima."

Sauti iliporudi, Mbuvi aliuliza, "Sasa nizitupe?"

"Koo lipone kwanza, wiki nzima. Halafu zisagwe, kijiko kidogo, maji mengi. Na dawa za presha ulizosema unameza, zimeze masaa mawili kabla, ute usizizuie. Na ukiona kumeza kunasumbua tena, acha, uje."

Wiki ilipoisha, Nthenya alitia mbegu chache nzima kwenye glasi ya maji, aone alichosimuliwa. Wakakaa, wote wawili, wakitazama. Baadaye Nthenya alichovya kidole, akakiinua. Uzi wa ute ukaning'inia, ukimetameta juani.

"Baba Kitheka," alinong'ona, "miaka arobaini tunafukia mbegu ardhini tukililia mvua. Sikuwahi kuona zikinywa."

Mbuvi alivua kofia.

Alianza na kijiko kidogo cha unga wa mbegu, kwa glasi mbili kamili. Siku ya tatu tumbo lilifunguka, bila maumivu. Kesho yake aliloweka nyingine nzima, si za kunywa. Alitaka tu kuzitazama.