Mkanda wa Kisiwa cha Mull

Mume wangu Clement alizunguka kisiwa cha Mull kwa gari akiwa amelala kitandani. Nalisema hili mapema kwa sababu kama mngekuwa kwetu Temple Hills, Marekani, mwaka ule wa tisini na nane, mngesikia habari nyingine kabisa.

Tulikwenda Scotland kwenye harusi ya mdogo wake, Tobias, anayeishi Glasgow. Harusi ilipokwisha, Tobias akatuazima gari lake la kulala, lile lenye kitanda, jiko na sinki humo humo ndani, pamoja na kamera yake ya video. "Shemeji, kazungukeni Mull," akaniambia. "Kondoo ni wengi kuliko watu."

Clement ni dereva teksi wa Alexandria, Virginia, tena wa kujisifu. Tuliposhuka kwenye feri alikamata usukani, akashika upande wa kulia wa barabara utadhani yuko Virginia, na lori la samaki likaja usoni kwetu likipiga honi. Dereva wa lori alifunga breki, akatutukana kwa lugha ambayo nashukuru sikuielewa. Clement akazima gari, akashuka, akakaa kwenye majani. Akasema mkono unamuuma. Basi nikachukua usukani mimi.

Mimi ni mtoto wa Tukuyu. Baba alikuwa na lori la ndizi, na nilikuwa nikilishusha milimani kwenye ukungu na tope tangu nikiwa msichana. Barabara za Mull zilikuwa nyembamba, huku mwamba, huku genge na bahari chini kabisa, na mkikutana na gari lingine lazima mmoja arudi nyuma hadi penye nafasi ya kupishana. Nilirudi nyuma mara nyingi. Nilifurahi mno, sijui niseme vipi. Clement alikuwa nyuma kitandani, kamera jichoni, kwa sababu alisema ukilitazama genge kwenye kamera linakuwa dogo.

Tuliporudi Marekani genge likawa kubwa tena, na dereva akawa yeye. Kila mgeni aliyekuja kwetu alipewa soda, albamu ya picha, na hadithi ya Clement. "Bupe analia, mimi namwambia mama fumba macho, niachie mimi." Wageni walicheka, wakanionea huruma. Nami nikanyamaza, maana mume ni mume, na uongo wenyewe ulikuwa haunipunguzii kitu.

Mpaka siku uliponipunguzia. Nilikuwa nakunja mashuka kwenye hoteli moja ya Alexandria. Dereva wa basi lao dogo, lile la kupeleka wageni uwanja wa ndege, akaacha kazi, na meneja akaniuliza kama naweza. Nikikubali, nianze Jumatatu. Niliitaka kazi ile kuliko kitu chochote tangu nifike nchi hii. Clement akakataa. "Dereva ndani ya nyumba hii ni mmoja," akasema, akaongeza sauti ya televisheni.

Kwetu mkikwama hivyo mnakwenda kwa matroni wenu wa harusi. Wetu ni Mama Honorata, muuguzi, mwanamke anayesikiliza huku amefumba macho ili asidanganywe na sura za watu. Alitusikiliza wote wawili.

"Bupe mwanangu," akasema, "mwenzio ameendesha juu ya magenge, wewe unalia. Basi la watu utaliweza?"

"Mama, niliyeendesha ni mimi."

Akafumbua jicho moja. "Clement?"

Clement akatazama dari. "Ana ushahidi?"

"Mkanda upo," nikasema.

Akacheka yule bwana, akacheka kweli. Mkanda ulirekodiwa Uingereza, Tobias akatutumia kwa posta, na mikanda ya kule haisomeki kwenye deki za Marekani. Tulishaujaribu, tukaona mistari tu inayokimbia. "Basi," akasema Mama Honorata, "mpaka niuone huo mkanda, kazi hiyo iache."

Nilitoka pale nimevimba kwa hasira. Lakini tulipofika daraja la Wilson, la kuvukia kurudi kwetu, Clement akiimba, nikamkumbuka Kalisti.

Kalisti alikuwa mfanyakazi wa ubalozini, muda wake umekwisha, anarudi Dar. Sebule yake ilijaa maboksi yanayosubiri kontena. Na kila anayerudi nyumbani, kitu cha kwanza kununua ni televisheni na deki zinazosoma mikanda ya nchi zote. Nikampigia simu nikiwa kazini.

"Shemeji, Jumamosi njoo tukuage. Lakini niambie, hiyo deki unaipakia bila kuijaribu? Ikifika Dar imekufa, utamrudishia nani?"

"Alaa! Kweli shemeji. Nakuja nayo, na TV yake."

Clement nilimwambia habari ya pilau tu.

Jumamosi jioni alikuwa na furaha yake yote. Alimsaidia Kalisti kupandisha maboksi ngazi, akayaweka chini sebuleni, halafu akasoma maandishi ya ubavuni: deki ya mikanda ya nchi zote. Nilimwona midomo ikisoma. Akaenda moja kwa moja kwenye kabati la mikanda, akapekua juu, akapekua chini. Mkanda nilikuwa nimeufungia tangu mchana kwenye begi la Mama Honorata, aliyewahi kuja kunisaidia kupika. Akasema soketi ya ukutani ni mbovu. Kalisti akachomeka kwenye nyingine. Akamwomba Kalisti atoe hotuba ya kuaga, akijua Kalisti akianza kuhutubia hamalizi, lakini Chelagat, jirani yetu Mkenya, akamkatiza: "Kalisti, wewe utaongea Dar. Sisi tunataka kuona Scotland."

Hapo Clement akanifuata jikoni, akafunga mlango.

"Mama, nakuomba. Nitawaambia mwenyewe kwamba ulikuwa unaendesha wewe. Nasimama sasa hivi nasema. Mkanda usiwekwe."

Nikamtazama. Kama yuko tayari kukiri, kinachobaki kuficha ni nini? Nikadhani ni zile sala zake za kule nyuma, sauti ya mwanaume mzima akimwita bibi yake marehemu. Na mimi nilitaka watu wazisikie. Nilitaka sana.

"Unawekwa," nikasema, nikabeba sinia la pilau.

Mkanda ukaanza na kondoo. Kondoo wengi, kwa muda mrefu. Halafu picha ikageuka, ikaonyesha kisogo changu na mikono yangu juu ya usukani, na mbele barabara imening'inia juu ya bahari. Ikasikika sauti: "Bwana Yesu. Bupe, polepole. Bwana Yesu, yuko pembeni kabisa."

Sebule ikalipuka. Kalisti alianguka magoti kwa kicheko. "Ngoja kwanza," akasema Chelagat huku akifuta machozi, "Clement, si ulituambia ni wewe ulikuwa una-drive? Hiyo shingo iko na hereni ni ya nani?"

Mama Honorata hakufumba macho hata kidogo. Nami nilikuwa nimesimama katikati ya watu, mikono kiunoni, nimeshinda. Ingetosha. Lakini mkanda ulikuwa unaendelea, na ile sauti ikashuka, ikawa ya kunong'ona, karibu na kamera, ya mtu anayesema chini ya ngurumo ya injini ili aliye mbele asisikie.

"Tobias, mdogo wangu, kipande hiki ukikate. Unamwona shemeji yako? Huyu ndiye dereva. Mimi nabeba watu tu. Angalia anavyorudi nyuma, angalia. Nilikuwa sijui. Sasa nikimsifu, akirudi kule hatakunja tena mashuka. Ataendesha mabasi, atapata hela yake na watu wake, siku moja ataona hana haja na mimi. Kikate, tafadhali."

Tobias, Mungu ambariki, hakukikata.

Hakuna aliyecheka. Clement alikuwa ameinamia sahani yake, anatafuta kitu kwenye wali. Nami nilipandwa na hasira mpya kabisa, nikasahau ile ya zamani. Kumbe alijua! Miezi yote ile ananiita mwoga mbele za watu, alikuwa anajua. Na papo hapo, ndani ya hasira hiyo hiyo, nilimhurumia. Hajawahi kuniambia maneno hayo. Aliweza kuiambia mashine.

"Rudisha nyuma kidogo," akasema Mama Honorata, "sikusikia vizuri." Alisikia sana, mama yule. Kalisti akarudisha, tukasikiliza mara ya pili, na Clement akasikiliza pamoja nasi, maana hakuwa na pa kwenda.

"Haya," akasema Mama Honorata. "Mimi nimemaliza. Jumatatu Bupe anaanza kazi. Una neno, Clement?"

Clement akainua kichwa. Hakumtazama matroni, alinitazama mimi.

"Ukishaanza kuendesha hilo basi," akasema, "utakuwa unarudi nyumbani?"

Aliuliza kweli, si kwa utani. Watu wakatazama sahani zao.

"Nitarudi," nikasema. "Saa kumi na moja jioni. Nikute umepika."

Chelagat akapiga vigelegele, pilau likaendelea kuliwa.

Siku ile ya Jumatatu nilishusha abiria wangu wa mwisho salama, nikarudisha basi, nikaanza safari ya nyumbani. Daraja la Wilson lilikuwa limeinuliwa kupisha meli, magari yamesimama hadi Alexandria, na nilifika giza limeanza kuingia. Kabla sijaegesha nilimwona dirishani, ghorofa ya pili, ameshika mwiko. Sijui alikuwa amesimama pale tangu saa ngapi, maana wali wote wa chini ulikuwa umeungua. Tukala wa juu.