Alama za Tindo

Zacharia alikwenda Italia kwa sababu ya masikio yake.

Karakana ya Salem iko Al-Sulay, kwenye maghala ya Riyadh, na kazi yake ni kukata marumaru: ngazi, sakafu, meza za jikoni za watu wenye nyumba kubwa. Zacharia alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Kwao ni Tabaka, Kisii, ambako baba yake, Mzee Lawrence, alichonga mawe ya sabuni maisha yake yote na kumfundisha yeye tangu yuko shule ya msingi. Ndiyo maana aliweza kugonga jiwe na kujua kama lina ufa ndani. Jiwe zima hulia. Lenye ufa hukohoa. Fundi mkuu, Msiria mmoja, alipopasuliwa mgongo mwezi wa tatu, Salem akasema lazima apate mtu wa kumsikilizia mawe kule Carrara, na mtu huyo hakuwa mwingine. Wenzake chumbani walidhani ni utani mpaka walipoona viza kwenye pasipoti.

Walikaa machimboni siku nne. Zacharia aligonga mawe makubwa kama magari, akatikisa kichwa au akakubali, na Salem akawa anatia alama ya chaki. Salem hakuwa mtu mbaya. Walikula meza moja, ila mazungumzo yao yalikuwa ya kazi tu, kwa Kiarabu cha kazi, na yakiisha kila mmoja aliangalia simu yake.

Siku ya tano Salem alikuwa na kikao na wauzaji huko Florence. Alimshusha Zacharia karibu na daraja saa tatu asubuhi.

"Yalla, Zakaria. Saa kumi na moja uwe hapa hapa. Mji huu umejaa makanisa na masanamu. Wewe utayapenda."

Alisema kwa wema. Zacharia akabaki pale darajani na siku nzima mikononi, kitu ambacho hakuwa nacho tangu aondoke nyumbani.

Kanisa la kwanza aliloliona wazi liliitwa Santo Spirito. Kwa nje lilikuwa ukuta mtupu wa rangi ya maziwa, halina pambo. Ndani alisimama. Nguzo zilipangana mpaka mbali, zote za jiwe la kijivu, kijivu kile kile cha mawe ya kwao yakiwa yamenyeshewa. Miaka sita hakuwa ameingia kanisani. Riyadh, siku za Ijumaa, yeye na Jackton, dereva aliyelala naye chumba kimoja, walisoma Biblia kwenye simu kwa sauti ya chini, basi. Sasa alipiga magoti kwenye benchi la nyuma na maneno hayakuja. Alijaribu Baba Yetu kwa Kikisii, kama Mzee Lawrence alivyokuwa akiisali kabla ya kushika kazi. Akafika katikati, akakwama. Mzee alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, wakati ikama ya Zacharia, kibali chake cha kuishi Saudia, ikiwa ofisini inatengenezwa upya, kwa hiyo hakusafiri. Alitazama mazishi kwenye simu, na mtandao ulikatika jeneza likishushwa. Uliporudi, watu walikuwa tayari wanatupia udongo.

Mama mmoja mzee aliwasha mshumaa, akamtazama kidogo, akaenda zake. Zacharia naye akainuka, akatoka.

Alifuata kundi la watalii mpaka jumba la makumbusho, akapanga foleni. Mle ndani watu wote walikuwa wanakimbilia mwisho wa ukumbi, ilikosimama sanamu ya Daudi ya Michelangelo, ndefu na nyeupe, ikiwa imezungukwa na simu zilizoinuliwa. Zacharia hakufika huko. Njiani, huku na huku, kulikuwa na wanaume wa marumaru ambao hawajatoka ndani ya jiwe. Mmoja alikuwa na kifua na goti, lakini kichwa chake bado kilikuwa bonge. Mwingine aliinua mkono kana kwamba anasukuma mzigo, na mzigo wenyewe ulikuwa jiwe lile lile alimochongwa.

Alama za tindo zilikuwa wazi mwili mzima. Zacharia aliweza kuzisoma. Hapa mchongaji alitumia tindo ya ncha, alikuwa na haraka. Hapa alibadilisha, akashika yenye meno, akaenda taratibu kuzunguka ubavu. Hapa aliacha. Labda aliitwa kula, labda jiwe lilimkatisha tamaa. Hakurudi.

Kwa Mzee Lawrence alama ilikuwa aibu. Kinyago chenye mkwaruzo kilirudishwa kwenye beseni, kikapigwa msasa ndani ya maji mpaka kiwe laini kama yai, kwa sababu mteja hanunui mkwaruzo. Na hapa mikwaruzo ilikuwa imekaa miaka mia tano, watu wanatoka dunia nzima kuja kuitazama. Zacharia alisogea karibu mno, mlinzi akamwashiria arudi nyuma. Akageuka upande ili aseme. Mdomo ulikuwa umeshafunguka, neno la Kiswahili liko ulimini. Aliyesimama kando yake alikuwa msichana wa Kizungu mwenye visikizio masikioni. Zacharia akafunga mdomo.

Alitoka nje akampigia mkewe, Carol. Carol alikuwa kliniki, amepanga foleni na mtoto, kelele zimejaa nyuma yake. Aliuliza kama kuna baridi, akamkumbusha viatu vya mtoto wao Danson, namba thelathini na tatu. Zacharia alijaribu kumweleza, akajisikia anasema vitu visivyoshikika, akamwambia atamtumia picha. Akatuma. Jibu lilikuja baada ya saa moja.

"Mbona haijaisha?"

Saa kumi na moja alikuwa darajani.

Riyadh wenzake walimuuliza kuhusu chakula, mpira na wanawake. Alisimulia jioni mbili. Alipofika kwenye yale mawe, Jackton alisikiliza kwa adabu, kisha akauliza kama bosi alimwongezea kitu kwa safari. Zacharia hakumlaumu. Hakusimulia tena.

Mwezi wa sita alipelekwa Jeddah kuweka ngazi za marumaru ile ile kwenye nyumba ya mama mmoja mjane. Alipangiwa chumba mtaa wa Sharafiya pamoja na Wapakistani wawili waliofanya kazi zamu nyingine, kwa hiyo aliwaona wakiwa wamelala tu. Siku ya pili, mchana, alikuwa akizungumza na Carol kwenye simu huku amekaa kwenye daraja la tatu la ngazi. Alipokata, sauti ikatoka nyuma yake.

"Viatu vimemtosha mtoto?"

Alikuwa mama mwenye nyumba, Bi Muna, amesimama mlangoni na fimbo yake. Zacharia alishtuka, akainuka, akamwamkia shikamoo. Alijibu marahaba taratibu, kama mtu aliyeonja kitu cha zamani. Alimweleza kwamba wao ni Waunguja, alikuja Jeddah ana miaka kumi na mmoja, baada ya mapinduzi. Kiswahili alikuwa akizungumza na dadake Samia, kila siku kwa simu, na Samia alikufa mwaka jana. Watoto wanakisikia, lakini wanamjibu kwa Kiarabu. Akauliza marumaru imetoka wapi, na Zacharia akamwambia alikwenda mwenyewe kuichagua.

"Italia?" Bi Muna akaketi kwenye kiti cha ukumbini. "Mimi nilipelekwa Roma na marehemu mume wangu. Kila kanisa aliingia yeye. Mimi nikiona haya, nikikaa nje kwenye ngazi nala aiskrimu. Akitoka namuuliza, kulikuwaje? Akisema, pazuri. Hakujua kuhadithia, masikini." Akaegemeza fimbo ukutani. "Hebu nambie wewe, mwanangu. Ndani kulikuwaje?"

Zacharia alimwambia. Alianza na nguzo za kijivu, akafika kwa wale wanaume wa ndani ya jiwe, na alipokosa maneno alichukua kipande cha marumaru kilichovunjika, akashika tindo, akamwonyesha: hivi ni kwa ncha, hivi ni kwa meno. Bi Muna alipitisha kidole juu ya mikwaruzo, pole pole, akarudia.

"Basi yeye mwenyewe yumo humu," alisema.

"Ndiyo, mama. Mkono wake umo."

Siku tatu, baada ya sala ya alasiri, Bi Muna aliketi kwenye kiti kile na kuuliza. Taa zilikuwa wapi? Watu walizungumza au walinyamaza? Yule aliyeinua mkono, uso wake ulionekana? Zacharia alikumbuka vitu ambavyo hakujua kuwa aliviona. Siku ya nne aliamka ameamua kumweleza kuhusu ile sala iliyokatika, na mazishi aliyoyaona kwenye simu. Alifika mapema. Kiti kilikuwa kitupu. Msichana wa kazi, Mwindonesia, alimwambia kwa Kiarabu kwamba mtoto wa kiume amemchukua mama kwenda Madina, wiki nzima, na akampa kopo la visheti aliloachiwa.

Zacharia alimaliza daraja la mwisho siku ile ile, akafuta vumbi, akapanda basi la Riyadh. Visheti alimgawia mzee wa Kibangali aliyeketi naye. Walitabasamiana, wakala, hawakuwa na lugha.

Msiria alikuwa amepona na kurudi. Safari ijayo ya Carrara ingekuwa yake. Zacharia alimwomba Salem ufunguo wa karakana siku za Ijumaa.

"Wa nini?"

"Kuchonga, bosi."

"Kuchonga nini?"

"Bado sijui."

Salem alimtazama, kisha akauchomoa kwenye pete ya funguo zake.

Ijumaa wenzake hushuka mtaa wa Batha kutuma pesa na kuonana na watu wa kwao. Zacharia hubaki Al-Sulay, maghala yamefungwa, barabara haina lori hata moja. Hukaa chini na kipande kilichotupwa, akakigonga kwanza kusikia, kisha akaanza. Wakati mwingine husema anachofanya, kwa Kiswahili, kwa sauti ya kawaida: sasa nabadilisha tindo, hapa ni pagumu, hapa naenda polepole. Husubiri kidogo, kama mtu anayengojea kuulizwa swali. Halafu huendelea.