Begi la Viatu Vya Kazi

Zenaide anakaa Queimados, lakini kila alfajiri hupanda kwanza treni ya kurudi nyuma hadi Japeri, mwanzo wa reli, ili apate kiti cha kwendea mjini Rio. Anapoteza nusu saa ya usingizi, lakini magoti ya mwanamke wa miaka hamsini na tisa hayana mjadala.

Aliyekaa huwapakatia waliosimama mizigo yao. Ndivyo wanavyoishi watu wa treni hii ya umeme, na anayekataa husemwa mpaka mwisho wa safari.

"Shangazi, nishikie begi?" aliuliza binti mmoja aliyesimama mbele yake, alfajiri moja.

"Lete. Umejaza matofali?"

"Viatu vya kazi na vyeti vyangu. Leo ndiyo naanza, duka la mikate pale Madureira, saa mbili kamili."

"Hongera. Nikisinzia, nitikise."

Akasinzia, kama siku zote. Nova Iguaçu umati ukaingia kwa mabega, na binti akasukumwa hadi mlangoni.

Mwuza karanga ndiye aliyemwamsha, kituo cha mwisho. "Mama, shuka! Au umelipia na kitanda?"

"Mwenye begi hili yuko wapi?"

"Yule? Walimtoa mzegamzega Madureira. Alipiga kelele we! Na wewe unakoroma tu."

Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Saa moja na nusu Zenaide alitakiwa awe Botafogo, jikoni kwa mwajiri wake, Dona Heloísa. Mwezi huo treni ilikuwa imekatikiwa umeme mara mbili, na mara zote mbili alichelewa, hakuaminiwa. "Ya tatu, usipande hata lifti," aliambiwa. Angeweza kuliacha begi kwa wahudumu wa kituo, lakini vinavyoachwa kwao hupatikana wiki ijayo, Mungu akipenda. Alimkasirikia binti, akajikasirikia na mwenyewe, kisha akavuka jukwaa.

Treni ya kwenda kinyume ilikuwa tupu, mabehewa manane ya viti vitupu. Zenaide alisimama njia nzima, akiogopa kulala tena.

Binti alikuwa palepale Madureira alipomwagwa, macho mekundu.

"Shangazi! Nilijua hukuniibia."

"Acha maneno. Kimbia, ni saa moja na dakika ishirini na tano."

Akakimbia. Hata jina hawakuulizana.

Zenaide akapiga simu Botafogo, akaeleza yote, begi, binti, usingizi. Kule wakamsikiliza mpaka mwisho.

"Safari hii angalau umetunga vizuri," alisema Dona Heloísa. "Funguo mwachie bawabu."

"Sawa, mama."

Miaka kumi na mmoja ya kuamka saa tisa usiku ikaishia hapo, kwenye jukwaa la watu wengine. Alingoja machozi yaje. Kilichokuja, Mungu amsamehe, kilikuwa usingizi.