Kitana cha Golikipa

Hivi wewe umewahi kumwona mtu mzima anajiangusha chini kwa makusudi, mpira umeshapita, ili tu apigiwe makofi? Basi ungefika Rugu miaka ile ya hamsini, kahawa ilipoanza kuwavalisha watu viatu, ungemwona Placidius. Kwao ni Muleba. Alikuja kufungua duka la vitambaa, na kwa kuwa alikuwa mrefu na ana glovu za sufi zilizotoka Kampala, wakamsimamisha golini. Glovu za sufi, kwenye jua lile! Nywele zimepakwa mafuta, njia imechanwa katikati imenyooka kama mfereji. Mpira ukija, anauangalia kwanza, anauacha upite, halafu ndipo anaruka, miguu imenyooka hewani, anatua kwa ubavu na kuserereka. Watu wanashangilia. Refa anahesabu goli, watu bado wanashangilia.

Aliyeshangilia kuliko wote ni mzee Byarugaba, mwenye kibanja cha migomba kilichopakana na uwanja. Mzee huyu alikuwa na binti, Kokushubira, na Placidius alikuwa amemtuma mshenga, mzee Rwezaura, kumposa. Posa imepelekwa, pombe ya rubisi imenywewa, limebaki jibu tu. Byarugaba akasema jibu litatolewa Jumapili jioni, baada ya mechi na watu wa Kamuli, ili furaha mbili zinywewe kwa kibuyu kimoja. Alikuwa ameshakubali moyoni. Binti hakuulizwa. Kila alipotajiwa habari hiyo alinyamaza, na wazee wakasifu: ona adabu, ona mtoto aliyelelewa.

Mkwe mwenyewe, tangu aanze kutuma watu, hakuwahi kumwambia Kokushubira hata neno moja. Wakikutana njiani anavuta kofia, anakohoa kidogo, anapita.

Byarugaba, katika kuonyesha ukarimu, akamkabidhi binti yake kazi ya kufua nguo za golikipa. "Zoea, mwanangu," alimwambia, "ndizo utakazofua mpaka uzeeke." Kokushubira akazibeba hadi kijitoni, akazitandaza juu ya jiwe, akashangaa. Fulana na kaptula, upande wa kulia, zilikuwa nyekundu kwa udongo, zimesuguka hadi nyuzi zinaonekana. Upande wa kushoto, safi kama nguo ya Komunyo ya kwanza. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa kushoto wa kaptula. Akatoa kitana.

"Mama!" akamwita Anatolia, mama yake, aliyekuwa akisugua sufuria kando yake. "Huyu mtu haangukii upande wa kushoto. Anaogopa kuvunja kitana."

Anatolia alicheka mpaka sufuria ikamtoka mkononi ikaanza kuelea. "Basi washambuliaji wa Kamuli wasijue! Na wewe, unamtaka huyo mwenye kitana?"

Kokushubira akaikamua kaptula, akaikamua tena, mpaka halikutoka tone.

Alipozipeleka nguo uwanjani, alikuta mazoezi yamesimama. Bruda Odilo wa misheni alikuwa katikati ya vijana, anazungumza kwa mikono yote miwili. Bruda huyu alikuwa Mkanada, fundi wa mapaa na mabomba, na uso wake ulikuwa umeshonwa kila mahali: juu ya jicho, kwenye kidevu, mdomo wa juu umekaa upande. Wengi waliamini alikuwa vitani. Siku hiyo ndipo aliposema ukweli. Kabla ya kuweka nadhiri alikuwa golikipa, tena wa kulipwa.

"Waitu Bruda," Byarugaba akauliza kwa heshima yote, "ulilipwa ufanye nini?"

"Nisimame golini, mzee. Kwenye barafu."

"Barafu ni nini?"

Bruda akafikiri. "Mvua ya mawe unaijua? Sasa chukua ziwa zima, liwe jiwe moja la mvua hiyo. Watu wanavaa viatu vyenye visu chini, wanateleza juu yake, wanapiga kwa fimbo kisahani cheusi cha raba. Kigumu kama kwato. Mimi ninakizuia."

"Juu ya ziwa."

"Juu ya ziwa nilipokuwa mtoto. Baadaye ndani ya jumba kubwa."

"Wameliingiza ziwa ndani ya nyumba!" Byarugaba akawageukia wenzake. "Bruda ni mtu wa Mungu, lakini hapo ameteleza."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Mmoja akauliza meno ya mbele ya Bruda yako wapi. Bruda akajibu kwa upole kwamba matatu yalibaki Kanada, kisahani kiliyang'oa, akashonwa mdomo, akarudi golini siku ile ile, maana zamani zile hakuna golikipa aliyefunika uso.

"Na kulipwa kwa kusimama?" Placidius akasema, anavuta glovu zake. "Hata mgomba unasimama."

"Mgomba hautoki," Bruda akasema. "Wewe pia hutoki. Unasubiri kwenye mstari. Mwenye mpira anaona lango lote, anachagua pa kupiga. Mwendee. Ukimkaribia, lango linakuwa dogo machoni pake. Na usianguke mapema. Ukishalala, yeye bado amesimama. Simama, mtazame mpira, usimtazame usoni, atakudanganya kwa macho. Uukinge kwa chochote ulicho nacho, goti, kifua. Ndiyo kazi yote. Haipendezi."

Kokushubira, nguo ziko kichwani, alielewa pale pale. Nani asiyeelewa, kama amewahi kumzuia ndama wakati mama yake anakamuliwa? Ukimsubiri mlangoni mwa zizi atakupita ubavuni. Ukimwendea, mlango wote unakuwa wewe. Alitaka kusema. Lakini baba alikuwepo, mchumba alikuwepo, na adabu yake ilikuwa imesifiwa kijiji kizima. Akazishusha nguo kichwani.

"Mimi si mchunga ndama," Placidius akasema, kana kwamba amemsikia. Hakuwa amemsikia. Hata hakuwa amemtazama; alichukua nguo zake mikononi mwa binti wa watu kama anayetoa shati kwenye kamba.

Bruda hakubishana. Alipandisha kanzu yake, akaifunga kiunoni kwa ukanda, akaingia golini mwenyewe, na magoti yake meupe. "Pigeni." Wakapiga. Kila aliyekuja na mpira alimkuta yule mzee ameshatoka, amejaa mbele yake kama kabati. Mpira ukagonga goti. Ukagonga tumbo. Mmoja ukamgonga kidevuni, palepale penye mshono wa zamani, akapangusa damu kwa mkono wa kanzu, akasema, "Mwingine." Hakuna aliyefunga. Na hakuna aliyepiga makofi, maana kilikuwa kitu kibaya kukitazama, babu mzima anakatiza kama bata. Wakasema golikipa gani huyu anayekimbia lango lake. Placidius akaingia, akaruka mara moja, kulia, vumbi likatimka. Uwanja ukalipuka.

Jumapili Kamuli walikuja, wamevaa mashati ya kila rangi, na mshambuliaji wao Yustus, mfupi, ana matege. Watu walimcheka alipokuwa anafunga kamba za viatu. Mpira wa kwanza akaupiga kulia. Placidius akaruka vizuri sana, na kweli akaugusa, ukatoka nje. Byarugaba akatupa kofia juu. Wa pili Yustus akaupiga kushoto. Golikipa akabaki amesimama, mkono umebana mfuko. Goli. Yustus akamtazama, akautazama ule mkono, akatabasamu. Baada ya hapo watu wa Kamuli walipiga kushoto tu, polepole, kama wanaotia kahawa guniani. Kwenye goli la mwisho Placidius alijitupa, akajitupa kulia, mpira uko kushoto, na watu wa Rugu wenyewe ndio waliocheka wa kwanza.

Jioni rubisi ilikuwepo vile vile, ingawa haikuwa na utamu. Kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna kilizungushwa. Mzee Rwezaura alikaa kwenye mkeka, akasafisha koo, akaeleza kwa niaba ya aliyemtuma kwamba jua lilimwingia machoni, mabeki walilala, na lango la Rugu limejengwa pana upande wa kushoto.

"Na mwenyewe yuko wapi?" Anatolia akauliza.

"Yuko nje, nyuma ya uzio. Anasubiri jibu."

Byarugaba alikuwa ameumia, lakini duka ni duka. Akamwita binti yake atoke chumbani, akamuuliza lile swali ambalo kila binti huulizwa na kila binti hulijibu kwa kuinamisha kichwa. "Kokushubira, wageni hawa unawafahamu?"

"Mzee Rwezaura namfahamu. Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Na aliyenituma?"

"Simfahamu."

Kikapu cha kahawa kikasimama mkononi mwa jirani. Byarugaba akacheka kicheko cha kutafuta njia. "Unamfulia nguo, humfahamu?"

"Nafahamu kaptula yake, tata," akamjibu baba yake. " Nafahamu mahali anapoweka kitana."

Huko nje, nyuma ya uzio, mtu akakohoa kidogo. Hakuingia. Walisubiri wote, hata Anatolia, kama atasukuma lango. Likatulia.

"Basi sema, mtoto wewe!" Byarugaba akafoka. "Tumekusifu kwa kunyamaza, kumbe ulikuwa unatunza haya! Mwenye duka humtaki. Ulitaka nini?"

Kokushubira hakuinamisha kichwa. Alisema kwa sauti ya kufika nyuma ya uzio.

"Nilitaka atoke golini, tata. Aje mwenyewe kwa miguu yake, asimame mbele yangu, aniulize mimi. Hata kama ningemkatalia."