Bingwa wa Kisanduku

Katika hospitali moja ya mji wa Mymensingh, Bangladesh, hakuna daktari mwanafunzi aliyekuwa na mkono mwepesi kama Tahsina. Profesa Wadud alipoleta kisanduku cha kujifunzia upasuaji wa matundu madogo, chenye kamera ndani na vitundu vya kupitishia koleo ndefu, Tahsina alikimudu upesi. Macho kwenye skrini, alihamisha dengu mojamoja kutoka kikombe hiki hadi kile, akamenya zabibu bila kuipasua.

Mwenzake Shafkat alizitawanya dengu sakafuni mpaka wafagiaji wakamnunia.

"Wewe unahitaji kushikwa mkono," Profesa akamwambia Shafkat. "Kesho tutapasua pamoja, mimi na wewe." Kisha akamgeukia Tahsina. "Wewe binti umeshaiva. Baki hapa, kuna wageni wa wizara."

Wageni wakaja, wakaenda, wakaja wengine. Tahsina akamenya zabibu, wao wakapiga makofi na picha. Shafkat naye, uzembe wake ukiwa umempa nafasi, akawa anatoa mifuko ya nyongo ya watu karibu kila wiki.

"Usinune, dada," alimtania kwenye chai. "Mimi najulikana na wagonjwa tu. Wewe unajulikana hadi Dhaka!"

"Kunywa chai yako, ninyamazie!"

Tahsina akaenda kwa Profesa kuomba zamu ya kupasua.

"Sasa wageni nitawaonyesha nani, binti? Shafkat?" Profesa alicheka mpaka akakohoa.

Walipokuja wageni wengine, Tahsina alishika koleo, akaiangusha dengu ya kwanza. Ya pili ikafuata. Zabibu akaitumbua, maji yakatapakaa kwenye kamera. Alikuwa amekusudia, lakini aibu ilimchoma vilevile.

"Samahanini, waheshimiwa," Profesa akasema, uso umemwiva. "Huyu bado anajifunza." Akamnong'oneza kwa hasira: "Kesho asubuhi, chumba cha upasuaji. Aibu gani hii!"

Kesho yake mgonjwa alikuwa mama muuza samaki. Mfuko wake wa nyongo uliteleza, ukapanda na kushuka kwa kila pumzi. Safari hii Tahsina alitetemeka bila kuigiza. Profesa akamshika kiwiko, akasema taratibu, "Usikimbilie." Mkono ukatulia. Mfuko ukatoka salama.

Profesa akavua glavu, akawageukia wauguzi. "Mmeona? Jana hajui kitu, leo anapasua! Kufundisha ni kipaji, jamani."

"Kweli kabisa, Mwalimu," Tahsina akaitikia, akatoka kumpa habari mume wa mgonjwa.